Nilivyonyoosha marejeo ya makala yangu ya homa ya nguruwe

Barua pepe ya jarida ilinikuta nimekaa nyuma ya pikipiki, nikishuka kutoka Kadutu kwenda Nyawera, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Makala yetu kuhusu homa ya nguruwe ya Afrika kwa wafugaji wa Kabare na Walungu haikukataliwa. Ilirudishwa kabla mhakiki yeyote hajaifungua, kwa sababu moja: marejeo hayafuati mtindo wa jarida. Iliniuma sana. Tulipanda vilima kwa miezi, tukachukua damu kwenye mazizi yenye tope mpaka magotini, halafu kazi yote isimame mlangoni kwa ajili ya nukta na mabano.

Tasnifu yangu niliiandika kwa mtindo wa jina na mwaka, na makala niliikata humo humo. Jarida lenyewe linatumia Vancouver: kila rejeo hupewa namba kwa mpangilio wa kutajwa, na orodha ya mwisho hufuata namba hizo, si alfabeti. Jina hilo limetoka kwenye mji wa Vancouver, Kanada, ambako wahariri wa majarida ya tiba walikutana mwaka 1978 wakaelewana juu ya namna moja ya kupokea maandishi.

Nikaanza kubadilisha kwa mkono. Marejeo 52, usiku mara mbili, umeme ukienda na kurudi. Nilipomaliza nikamtumia Profesa. Akasoma utangulizi akanipigia: "Mwanangu, unaongelea homa ya nguruwe Afrika bila kutaja kupe?" Alikuwa na haki. Kupe laini, Ornithodoros moubata, huishi kwenye mashimo ya ngiri na hutunza virusi vya ugonjwa huu kwa muda mrefu. Nikaongeza rejeo moja kwenye aya ya pili. Likawa namba 4, na kila namba iliyofuata ikawa ya uongo.

Hapo ndipo niliacha kazi ya mkono, nikapakua Zotero. Ni programu ya bure ya kutunza na kupanga marejeo. Ukishaiweka kwenye kompyuta unaandika hata bila intaneti, na kwa sisi tunaonunua mega kwa kuhesabu, hilo ni jambo kubwa. Unahitaji mtandao wakati wa kuvuta taarifa za makala tu: unabandika DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, na jina la mwandishi, kichwa, jarida na kurasa vinakuja vyenyewe. Ukiingiza rejeo jipya katikati ya maandishi, namba zote zinajipanga upya.

Lakini kilichokuja kilikuwa na uchafu, na kilichonichukua siku nyingi ni majina.

Sisi Wakongo tuna jina, postinomu (jina la pili linalofuata) na prenomu, yaani jina la ubatizo. Postinomu ilitokana na sheria ya 1972, enzi za Mobutu, iliyotuondolea wakati huo majina ya ubatizo. Mzungu akisoma majina matatu anachukua la mwisho kuwa la ukoo, na kanzidata zinafanya hivyo hivyo. Nilikuwa nimetaja makala tatu za mtafiti mwenzetu mmoja wa hapa Bukavu. Kwenye orodha yangu alitokea kama watu watatu: moja kwa jina lake, moja kwa postinomu, na ya tatu kwa jina la ubatizo, jina lake halisi likiwa limebaki herufi moja tu. Nikampigia.

"Kaka, samahani, wewe unaandikwaje?"

Akanyamaza kidogo. "Dada, miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akanieleza kwamba jina la kwanza ndilo la ukoo, postinomu inakuja kama herufi ya kwanza, na prenomu vilevile. Akanipa na namba yake ya ORCID, zile tarakimu 16 ambazo hubaki za mtu mmoja hata majina yake yakivurugwa vipi. Nikafungua kila makala, nikalinganisha na ukurasa wa kwanza, nikahamisha jina la ukoo kwenye nafasi yake. Baada ya hapo nilipitia waandishi wote wa Kongo, Rwanda na Burundi mmoja mmoja. Jioni nzima ilikwisha, na siijutii. Mtu akitafuta kazi ya mwenzetu asiipate kwa sababu mimi nilimwita kwa jina la ubatizo, nimemfuta.

Mengine yalikwenda upesi. Kompyuta yangu ni ya Kifaransa, kwa hiyo marejeo ya tovuti yalitoka na "Disponible sur" ndani ya makala ya Kiingereza. Hubadilishwa ndani ya Zotero, kwenye mapendeleo ya hati, sehemu ya lugha. Majina ya Kilatini ya viumbe lazima yalale, yaani yawe kwa italiki, hata ndani ya orodha, nayo hulazwa kwa kuweka alama ya <i> mwanzo na </i> mwisho kwenye kichwa. Majina ya majarida hufupishwa kwa kanuni, si kwa kubuni: Tropical Animal Health and Production huwa Trop Anim Health Prod. Vichwa vya Kifaransa nilivirudishia alama zake zote za herufi. Na shirika la afya ya wanyama duniani, tulilozoea kuliita OIE, lilianza kutumia kifupi cha WOAH mwaka 2022. Ripoti za kabla ya hapo niliziacha na jina lililo kwenye jalada lake.

Rejeo la mwisho lilinikalisha. Kila mtu anayeandika juu ya ugonjwa huu humtaja Montgomery, 1921, aliyeueleza kutoka Kenya. Mimi pia nilimtaja, bila kumsoma. Nilinakili kutoka kwa aliyenakili. Rafiki aliyeko masomoni Ubelgiji akanitumia makala yenyewe, kutoka jarida la J Comp Pathol Ther, juzuu la 34, kurasa 159 hadi 191, ambazo kwa Vancouver huandikwa 159–91. Nikaisoma yote. Utangulizi wangu ulisema ugonjwa "ulizuka mwaka 1921". Yeye mwenyewe anasimulia milipuko ya miaka ya nyuma yake, tangu miaka ya 1910. Nikafuta "ulizuka", nikaandika "ulielezwa".

Kabla ya kutuma, nilichapisha orodha kwenye karatasi. Mdogo wangu akasoma kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole kwenye makala zenyewe, na kila DOI nikaifungua. Mbili zilikwenda kwenye makala ya watu wengine kabisa.

Safari hii ilipita mlangoni. Wahakiki wawili waliuliza juu ya idadi ya sampuli na namna tulivyochagua vijiji, maswali mazuri, na tukayajibu. Ilipotoka, nilimtumia yule kaka picha ya ukurasa wa marejeo, mistari yake mitatu imefuatana, jina moja.

Akajibu: "Ndiyo mimi."