Apdeti ileile kila siku, nimeipatia dawa

Jamani hii laptop ya Windows imenitesa wiki nzima, kila nikizima inasema inaweka apdeti ya usalama, nasubiri inafika asilimia mia, naicheki kwenye historia imeandikwa imefanikiwa kabisa, halafu kesho yake apdeti ileile, namba ileile ya KB (namba ya utambulisho wa apdeti), inadai iwekwe tena. Na bando langu linaliwa upya, hapo ndo paliponiuma.

Nimerestati mara nne, wapi.

Ikabidi nifungue Command Prompt (lile dirisha la kuandikia amri) kama admini, nikasimamisha huduma mbili, net stop wuauserv (huduma ya apdeti yenyewe) halafu net stop bits (ya kupakua mafaili), nikaingia C:\Windows, ile folda ya SoftwareDistribution, ambamo Windows inahifadhi apdeti ilizopakua, nikaibadilisha jina ikawa SoftwareDistribution.old (wengine wanafuta moja kwa moja, mimi muoga). Usipozima hizo huduma kwanza itakukatalia, itasema folda inatumika. Kisha net start zote mbili, folda mpya inajitengeneza yenyewe. Historia ya apdeti utaikuta tupu, usishtuke, zilizowekwa bado zipo.

Nikamalizia na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, amri ya kukarabati Windows yenyewe, hii inataka intaneti na inachukua muda wake, kapike hata chai, halafu sfc /scannow, ya kukagua mafaili ya mfumo, ambayo ikaniambia imekuta mafaili mabovu na imeyarekebisha. Nahisi ni ile siku umeme ulikatika inaendelea kuinstoli, na betri yangu ilishakufa zamani.

Apdeti ikaingia, nikarestati, leo siku ya kumi na moja haijaniuliza tena. Ile ya .old nimeifuta jana.