Mishale ubaoni

Nimetoka semina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Bukoba, na kichwa bado kimejaa.

Mnakumbuka Machi 2023, Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaoambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu, ilipotangazwa hapa Kagera? Wagonjwa 9, vifo 6. Zaidi ya watu 200 waliotangamana nao walifuatiliwa kwa siku 21, maana virusi vinaweza kukaa mwilini muda wote huo kabla homa haijaanza.

Leo mwezeshaji kachora mlipuko wa mfano ubaoni. Duara ni mtu, mshale ni maambukizi.

Akagusa mshale mmoja mmoja kwa chaki: "Huu ulipitaje?"

Kumlisha mgonjwa.
Kumfulia shuka.
Kumwosha marehemu.

Ukumbi ukawa kimya. Dada mmoja, muuguzi, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Kusema kweli imeniuma. Tunamwendea mtu na kumwambia asimguse mama yake, na tuna haki ya kusema hivyo, lakini tuseme kwa upole jamani!

Mliofiwa kipindi kile, mliwezaje kuzika bila kumshika mtu wenu? Niandikieni hapa, nasoma zote.