Kibonyeo kidogo kwenye mlango wa gari: fila ije mwisho

Kama rangi haijapasuka, usikimbilie fila, ile lahamu ya kujazia mabonde kwenye bati. Fungua paneli ya ndani ya mlango, usukume bati kwa nyuma polepole, ukianzia ukingoni kuelekea katikati. Ukingo ndio unaoshikilia kibonyeo. Ukipiga katikati kwanza, bati linatanuka na kubaki likicheza kama kifuniko cha debe. Maji moto ni ya bampa ya plastiki tu.

Rangi ikiwa imepasuka, piga msasa namba 80 hadi bati ling'ae, sentimita chache kupita kibonyeo. Kutu ikibaki, fila itavimba baadaye.

Hadina, dawa nyekundu inayochanganywa na fila ili igande, ndiyo huwashinda wengi. Kipimo cha kawaida ni gramu 2 kwa gramu 100 za fila. Mchana wa Kisumu punguza kidogo na uchanganye kiasi kidogo kidogo, maana itaganda ukiwa bado unapaka. Asubuhi ya baridi Nakuru, subira ni bora kuliko kuongeza hadina: ikizidi, wekundu wake hupenya hadi kwenye rangi mpya. Changanya mpaka mistari iishe, bila kupigapiga, la sivyo utafungia hewa na kupata vitundu.

Paka matabaka membamba, yasizidi milimita 3 kwa jumla. Sugua namba 80, kisha 180, msasa ukiwa umefungwa kwenye kibao. Vidole huchimba mifereji. Usitumie maji hapa, fila huyanywa. Kisha praima (rangi ya chini), msasa namba 400, halafu rangi. Mawingu ya mvua yakitanda upande wa ziwa, acha kupuliza rangi.