Bana kwanza ndo upige chafya

Wadada, hili jambo nimekaa nalo karibia mwaka mzima sijamwambia mtu, hata dada angu. Baada ya kujifungua mtoto wa pili nikawa nikikohoa, nikicheka sana au nikikimbilia mwendokasi pale Kimara, mkojo unatoka. Sio mwingi ila nguo inalowa, ikawa kila siku pedi kwenye mkoba, na kwenye shughuli za watu sichezi tena, nakaa tu.

Mama mkwe alinikanda maji ya moto siku arobaini zote, Mungu ambariki, ila huko ndani maji hayafiki. Kliniki moja niliyoenda nikaambiwa ndo uzazi huo mama, utazoea. Nililia kwenye bajaji mpaka nyumbani.

Aliyenisaidia ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo na mazoezi. Mi nilijua fizio ni wa waliovunjika miguu na waliopata kiharusi, kumbe kuna wanaoshughulika na nyonga za wanawake. Akanielezea kwamba chini ya nyonga kuna misuli imewambwa kama kitanda cha kamba, ndo imebeba kibofu na mfuko wa uzazi, sasa ujauzito miezi tisa halafu usukume mtoto, kamba zinalegea. Na kitanda kikilegea watu wanakaza, hawatupi.

Zoezi lenyewe daktari Mmarekani Arnold Kegel aliliandika tangu 1948. Unabana kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, unavuta kwa juu, unaachia kabisa. Mara 8, kutwa mara 3, angalau miezi 3. Usifanyie mazoezi chooni ukiwa unakojoa. Aliponipima (aliniomba ruhusa kwanza) akakuta nasukuma chini badala ya kuvuta juu, tena nimeziba pumzi, yaani ningefanya peke yangu ningezidi kujiharibu.

Kovu la nyuzi nilizoshonwa wakati wa kujifungua nalo lilikuwa linauma, tendo la ndoa mateso, hapo ndo akanipiga mwanga mwekundu. Hauchomi. Kuna Mhungaria, Endre Mester, miaka ya 1960 aliwamulika panya kwa leza akaona manyoya yanaota haraka, ndo ilikoanzia. Mwanga unaweza kusaidia maumivu na kidonda kupona, ila ushahidi wake bado mdogo kuliko wa mazoezi. Anayekuuzia taa Insta akisema itakaza misuli yenyewe usimpe hela yako.

Ila kama mkojo unavuja muda wote, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, mazoezi hayaitibu, mara nyingi inataka upasuaji. Nenda hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar, wanaitibu bure. Usijifiche ndani mpendwa.

Wiki ya kumi na moja nilikuwa Kariakoo, vumbi, chafya ikaja. Nikabana kwanza kama nilivyofundishwa. Nikapiga tatu mfululizo. Kavu.