Tuliuza nyumba yetu ya Bel-Air kabla benki haijaiuza

Nyumba yetu ya mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, Kongo, tuliiuza wenyewe mwezi wa Agosti 2025, ikiwa ingali rehani ya benki. Tangu hapo wamama wenzangu wa sokoni hunivuta pembeni na kuniuliza tulijuaje kwamba wakati wa kuuza umefika. Wanauliza kwa sababu wao, au dada zao, wanalipa mkopo wa nyumba na mshahara wa mume umekatika. Ninaandika yale ninayowaeleza, pamoja na hesabu zake, maana bila hesabu habari hii haimsaidii mtu.

Mwanzoni mwa 2022 tulikopa dola 40,000 kwa miaka saba, riba asilimia 14 kwa mwaka. Kila mwezi benki ilichukua dola 750. Baba watoto alikuwa msimamizi wa malori katika kampuni ndogo iliyobeba mifuko ya madini ya kobalti kutoka Kolwezi hadi mpakani Kasumbalesa, akilipwa kwa dola. Mimi ninauza vitenge soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, na faida yangu huja kwa franka, pesa ya Kongo. Mshahara wake ulilipa benki, faida yangu ikalisha nyumba na kulipa shule. Tulipanga hivyo tangu mwanzo na ilikwenda vizuri.

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ikasimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne. Bei ilikuwa imeanguka hadi dola 10 hivi kwa ratili, na nchi yetu ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, basi wakubwa waliona heri kufunga mlango ili bei ipande. Sina ugomvi na uamuzi huo. Lakini malori ya kina baba watoto yalibeba kobalti tu, shaba ilikuwa ya watu wengine. Mwezi wa Machi wakaambiwa wapumzike nyumbani bila mshahara.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda benki kuomba jedwali la malipo, ile karatasi inayoonyesha kila mwezi kiasi gani kimekwenda kwenye riba na kiasi gani kimepunguza deni. Tulikuwa tumelipa miaka mitatu kamili, dola 27,000. Deni lililobaki: dola 27,400 na kidogo. Baba watoto alishika ile karatasi muda mrefu bila kusema neno. Mkopo wa namna hii ndivyo ulivyo. Mwezi wa kwanza, katika zile 750, dola 467 zilikuwa riba, na 283 tu ndizo zilizopunguza deni. Kadiri unavyoendelea, sehemu ya riba inashuka, lakini mwanzoni unalipa sana na deni halisogei. Ukitaka kuamua jambo la kuuza, usitazame jumla uliyokwisha kulipa. Tazama kilichobaki na kile ambacho nyumba inaweza kuleta leo.

Yule mama wa huduma ya mikopo alitupokea kwa heshima. Akasema, "Mama, mumefanya vizuri kuja wakati hamujakosa hata mwezi mumoja." Akatupendekezea kulirefusha deni lililobaki liwe la miaka saba mipya, tulipe dola 513 badala ya 750. Nikazidisha palepale kwa simu: tungelipa jumla ya dola 43,000, wakati kwa mpango wa zamani zilibaki 36,000. Dola 7,000 za kununua nafuu. Kwa mtu ambaye mshahara wake umepungua, ningemshauri akubali. Wetu haukupungua, ulikatika. Vitenge vyangu, baada ya chakula na shule, mwezi mzuri vinabakiza dola 200. Hizo 513 zingetoka wapi?

Tukafikiria kuipangisha. Nyumba yetu ingepata dola 500 kwa mwezi, nasi twende kupanga pahali pa dola 200. Hapo ndipo watu wengi wanaishia na kufurahi. Sisi tuliendelea kuhesabu. Kuna kodi ya mapato ya kupangisha inayokwenda jimboni. Kuna garanti, ile pesa ya dhamana, ya nyumba tunayohamia: sheria ya 31 Desemba 2015 inasema isizidi miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, lakini wenye nyumba wengine wanadai zaidi na mpangaji mwenye haraka hulipa. Na mpangaji wako akihama, mwezi ule benki haikungojei. Tulivyopiga hesabu, tungebaki na chini ya dola 300 za kupeleka benki. Hazikufika hata zile 513.

Baba watoto alikuwa na imani kwamba mwezi wa Juni njia itafunguliwa, na imani yake haikuwa ya bure, maana serikali yenyewe ilisema miezi minne. Basi tukawekeana tarehe. Hadi mwisho wa ile miezi minne tutalipa 750 kamili, kwa akiba na kwa zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana. Ikifunguliwa, tunabaki. Isipofunguliwa, tunauza, bila kuanza mjadala upya. Katika mambo yote tuliyofanya, hili ndilo ninalolitilia mkazo zaidi. Mtu asiye na tarehe husubiri mpaka akiba imekwisha, kisha anauza akiwa hana nguvu ya kukataa bei.

Tarehe 21 Juni ikatangazwa kwamba zuio linaongezwa miezi mitatu.

Familia ilikaa. Shemeji yangu mkubwa, ambaye ninamheshimu kama baba mkwe, alipinga kwa nguvu zote. Yeye ni mmoja wa wale zaidi ya elfu kumi waliotolewa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003 kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na anajua nyumba ni nini kwa mtu aliyepoteza kazi. Akaniambia, "Mama, nyumba ya batoto habauzishake. Mutaenda kuikala wapi?" Nilimwelewa, na hata sasa ninamwelewa. Nilimwomba atuambie nani katika ukoo anaweza kutoa dola 750 kila mwezi, mfululizo, bila kujua mwisho. Kaka zake walikuwa tayari kusaidia mwezi mmoja, wawili, kwa moyo wote. Zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa nacho.

Aliyelegeza mambo ni wakili, jirani yetu wa zamani, aliyekuja kutueleza sheria. Tangu nchi yetu iingie OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, utaratibu wa kukamata nyumba ni ule wa nchi zote za jumuiya hiyo: mjumbe wa mahakama anakuletea amri ya kulipa, una siku 20, usipolipa kesi inaelekea kwenye mnada. Gharama za utaratibu huo zinabebwa na nyumba yako. Na kwenye mnada anayenunua anajua kwamba mwenye nyumba hana sauti. Shemeji alisikiliza, akauliza maswali mengi, mwishoni akasema basi tuuze, ila tusiuze kwa aibu.

Kabla ya kumwita komisioneri, yaani dalali, yeyote tuliandika bei yetu ya chini kabisa. Deni la benki, asilimia mbili ya kulipa kabla ya muda iliyokuwa kwenye mkataba wetu, ujira wa komisioneri, lupango (kiwanja) ndogo pahali pengine, mwaka mmoja wa shule. Ikatoka dola 55,000. Mnunuzi wa kwanza alikuwa amesikia kwamba tuna shida, akatoa 50,000. Tulimshukuru, tukamkatalia. Tuliweza kumkatalia kwa sababu Julai nayo tulikuwa tumeilipa na benki haikuwa na neno nasi. Wa tatu alifika 62,000.

Yeye alikuwa na hofu moja tu, na ilikuwa ya haki: nyumba yenye rehani, akilipa pesa kisha benki ikaishika? Rehani huandikwa kwenye setifika, yaani hati ya umiliki, kwa Konservateri, ofisa wa hati za ardhi, na haifutiki kwa maneno. Tulikutana pande tatu ndani ya benki. Mnunuzi akailipa benki moja kwa moja deni letu, dola 26,200 pamoja na ile asilimia mbili. Benki ikatoa barua ya kuondoa rehani. Iliyobaki akatulipa mbele ya notari, kisha barua na mkataba vikaenda kwa Konservateri ili rehani ifutwe na setifika itoke kwa jina lake. Mimi na baba watoto tulitia sahihi wote wawili. Sheria ya familia inataka hivyo hata kama setifika ina jina la mume peke yake, na wamama wanapaswa kulijua jambo hili kabla hawajaletewa karatasi.

Komisioneri alichukua 3,000. Tukabaki na dola 32,800. Kwa 15,500 tulinunua lupango Luwowoshi yenye vyumba viwili ambavyo havijamalizika. Zilizobaki zililipa shule, zikaongeza vitenge mezani kwangu, na sehemu haiguswi. Luwowoshi ni mbali. Watoto wanaamka gizani, na pesa ya taksibasi ya kila siku inauma. Binti yangu mkubwa alilia juma lile la kuhama, nami sikumwambia anyamaze.

Tarehe 16 Oktoba zuio lilibadilishwa kuwa mgao wa kobalti inayoruhusiwa kuuzwa nje: tani 18,125 kwa muda uliobaki wa 2025, kisha 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Shemeji akaniuliza kwa upole kama hatukuharakisha. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2024 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kwa mgao ule, zaidi ya nusu ya mizigo ya zamani haipo tena, na malori yake vilevile. Tajiri wa baba watoto aliwaita wachache, yeye hakuwamo. Sasa anasimamia malori ya shaba ya mtu mwingine, kwa mshahara ulio mdogo kuliko ule wa kwanza. Ungetosha kula. Kulipa 750 usingetosha.

Kazi tuliyo nayo sasa ni hati ya Luwowoshi. Kabla ya kulipa tulimwomba wakili aende kwa Konservateri kuhakikisha kwamba aliyetuuzia ndiye mwenye jina, kwa sababu katika mitaa mipya lupango moja inaweza kuuzwa kwa watu wawili. Jina lilikuwa lake. Tumeomba setifika itoke kwa majina yetu yote mawili, na wakili ametueleza kwamba miaka miwili baada ya kutolewa haishambuliki tena. Chumba cha tatu tutakijenga kiangazi kijacho, vitenge vikiruhusu.