Jozi ya viatu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Amosi 2:6, pale nabii anapoishtaki Israeli kwamba wamewauza wenye haki kwa fedha, na maskini kwa jozi ya viatu. Mahubiri mengi ya mstari huu huishia kwa mahakimu wala rushwa, nasi waumini tunaitikia amina kwa sauti kubwa kwa sababu hatumo. Leo nawapeleka Dakar, kwa mwongozaji wa filamu ambaye hata hakulelewa katika imani yetu.

Djibril Diop Mambéty alizaliwa mwaka 1945 huko Colobane, mtaa wa Dakar nchini Senegal, mtoto wa shehe. Alianza kama mwigizaji wa jukwaani, akaachishwa kazi, akaingia kwenye filamu bila kupita chuo chochote cha fani hiyo. Touki Bouki, filamu yake ndefu ya kwanza, ilitoka 1973 na kumpa jina. Kisha ikapita karibu miaka 20 kabla ya ndefu nyingine.

Hiyo nyingine ni Hyènes, ya 1992. Kisa alikichukua kwenye tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt, ila mji akauita Colobane. Aliwaweka watu wa kwao kizimbani, si wa mbali. Linguère Ramatou anarudi mjini akiwa tajiri kuliko Benki ya Dunia, ndivyo anavyosemwa. Ujanani Draman Drameh alimpa mimba, akamkana, akanunua mashahidi wawili waseme uongo. Binti akafukuzwa, akaishia kuuza mwili wake. Sasa Draman ni mwenye duka anayependwa na watu, na Ramatou anatangaza dau: muueni, niwatajirishe. Meya anakataa hadharani, kwa hasira.

Kinachofuata ndicho kilichoninyima usingizi. Watu wanaendelea kwenda dukani kwa Draman, wanaomba bidhaa nzuri kuliko walizozoea, kisha wanasema, tuandikie, tutalipa. Watalipa kwa fedha ipi? Draman anawatazama miguuni, anaona viatu vipya vya njano, anaelewa. Hakuna aliyeshika kisu. Wamekopa tu, na deni lile lina njia moja ya kulipika. Hadi siku ya kumzunguka Draman, kila mmoja alikwishakula sehemu yake.

Yuda tunapenda kumsema kwa kuwa ni mmoja na vipande vyake vya fedha vinahesabika. Kayafa, kuhani mkuu, ni mgumu zaidi: yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu, asema katika Yohana 11:50, na baraza zima linaona ni busara. Colobane nao wanamaliza shauri lao kwa kuitaja haki.

Wala tusikimbilie kumfanya Ramatou shetani. Kilio chake ni cha kweli, na aliyeanza kumtia mwenzake bei ni Draman mwenyewe. Draman si Kristo. Ana hatia, na bado hakustahili kuuzwa.

Tuchukulie usharika wowote. Mfadhili anatoa bati za paa. Kuna mjane mwenye kesi naye ya kiwanja. Hakuna kikao kinachoketi kumhukumu mama yule, ila polepole anaanza kuonekana msumbufu, mtu asiye na shukrani, mtu wa kuombewa. Sisi tumeezeka tu.

Baada ya Hyènes, Mambéty alianza filamu fupi tatu kuhusu watu wadogo, wale ambao bei yao sokoni ni ya chini kabisa. Alimaliza mbili. Saratani ilimchukua huko Paris Julai 1998, na ya pili, La petite vendeuse de soleil, ikatoka 1999, yeye hayupo. Humo yumo Sili, binti anayetembea kwa magongo, anayeamua kuuza magazeti katikati ya wavulana wanaomsukuma. Polisi anamshuku mwizi kwa sababu tu ana hela mkononi. Sili hatoi chochote ili aachiwe, anakwenda hadi kituoni kudai haki yake.

Wiki hii tusome Amosi 2:6–8 na Yohana 11:45–53 kwa pamoja. Atakayeipata Hyènes aitazame na wenzake wa jumuiya, na filamu ikiisha kila mmoja aseme anadaiwa na nani.