Pembe ya Mlango

Tangu alasiri kuna mdundo wa tari ambao haujanitoka masikioni. Unakwenda sawasawa, ghafla unapungua pigo moja, kisha unashika njia yake tena. Umetungwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, na ameutoa kwenye mlango.

Huu ni mwezi wa kwanza wa kuwafundisha vijana wangu kutunga muziki kwa kutazama kazi za sanaa za hapa Lamu, na nakiri kwamba nilianza vibaya. Siku ya kwanza niliwapanga mbele ya mlango wa nakshi nikawaeleza kila kitu: patasi ya fundi, maua yaliyochongwa kwenye mfaa, mnyororo unaopanda na kushuka katika miimo, hata mwaka 2001 ambao mji wetu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tuliporudi darasani wakanipigia nyundo na mawimbi ya bahari. Sikuwalaumu, kwa kuwa nilikuwa nimewajaza maneno kabla macho yao hayajapata nafasi ya kufanya kazi.

Juma lililofuata sikueleza chochote. Niliwasikilizisha mwanzo wa kazi ambayo Modest Mussorgsky, mtunzi wa Urusi, aliitungia piano mwaka 1874, baada ya kutembelea maonyesho ya picha ya kumkumbuka rafiki yake Viktor Hartmann, msanii na msanifu majengo aliyefariki mwaka uliotangulia. Kilichonivutia siku zote katika kazi ile ni kwamba mtunzi hakuishia kwenye picha. Alimtungia pia muziki mtu anayetembea kutoka picha moja hadi nyingine, na mwendo wake unahesabiwa mapigo matano, kisha sita, kisha matano tena. Mvulana mmoja alisema kwamba huyo anatembea kama mtu wa mtaani kwetu, ambaye kila hatua chache hana budi kubana ukutani ili punda apite. Nilifurahi mno, maana hilo nisingeweza kumfundisha.

Kutoka hapo tukaenda kutazama zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, katika ile nyumba ya kale iliyohifadhiwa kuwa makumbusho. Safu za zidaka zimejengwa kwa chokaa, zimepangana kutoka chini hadi juu ya ukuta wa ndani, na zamani ndimo vyombo vya kaure vilimowekwa. Wengi walianza kuhesabu kingo zilizonakshiwa. Msichana mmoja mkimya alihesabu matundu. Darasani alipiga upatu mara moja, akangoja hadi mlio ukaisha kabisa, ndipo akapiga tena, na wenzake waliozoea kujaza kila nafasi kwa chapuo wakakosa subira. Nikawaomba wanyamaze wasikilize. Kwa maoni yangu hakuna somo la muziki gumu kuliko kumfanya kijana akiamini kimya, na ukuta ule ulilifundisha kwa dakika moja, ilhali mimi nimelihangaikia kwa miaka.

Lakini mlango ndio niliotaka kuuandika. Yule msichana mwingine, mwenye tari, alirudi peke yake kwenye mlango wa siku ya kwanza, akaufuata mnyororo kwa kidole, pete baada ya pete, huku mkono wa pili ukigonga paja. Karibu na pembe ya juu kidole kilisita. Fundi alikuwa ameishiwa nafasi, akaibana pete moja ikawa nyembamba kuliko nyingine zote, ndipo akaweza kugeuza nakshi kuelekea upande wa pili. Nimepita mlango ule mara nyingi kiasi cha kutokumbuka idadi, wala sikuwahi kuiona pete hiyo.

Leo tulikwenda kuupiga mdundo huo palepale, chini ya daka. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole, “Mwanangu, hapo kati umekosa.”

“Sikukosa, babu,” akajibu, akaiweka tari chini. “Njoo nikuonyeshe.”

Mzee alijiinua taratibu kwa bakora yake, akasogea hadi mlangoni, akainua uso kutazama pale kidole cha msichana kilipokuwa kikielekeza. Alikaa kimya kitambo. Kisha akamwomba aupige tena, tangu mwanzo.